Msaada wa masomo uwe kiunzi, usiwe daraja

KATIKA barua zilizofika mezani petu mwezi huu imo moja ya mwanafunzi wa kidato cha nne ambayo tumeona tusiijibu kwa mistari miwili na kuiweka kando. Kijana huyu amepewa na mwalimu wake kazi ya nyumbani juu ya madaraja marefu ya tao. Anatuomba tumwandikie majibu ya maswali matano, naye ayanakili na kuyapeleka shuleni siku ya Jumatatu. Anasema amekwisha kutafuta katika intaneti kwa simu ya kaka yake, lakini kwa swali la kwanza peke yake amepata majibu matatu yasiyopatana. Swali lenyewe ni hili: daraja la tao lenye kuvuka umbali mkubwa kuliko yote duniani ni lipi? Mahali pamoja ameambiwa tao lake lina mita 518, mahali pa pili mita 552, na mahali pa tatu mita 575. "Ndugu Mhariri," anamalizia, "nipeni jibu moja tu la kweli, hayo mengine sina haja nayo."

Siku chache baadaye tukapata barua ya mzazi mmoja, naye ana uchungu. Anasema watoto wake hawafanyi tena hesabu. Swali likitoka shuleni hupigwa picha, hupelekwa kwenye akili mnemba au kwa mtu wasiyemjua aliye mbali, na jibu likirudi hunakiliwa katika daftari kwa mwandiko mzuri. Mwalimu anaweka alama ya vema, mtoto anafurahi, na kichwani hakuna kitu. Mzazi huyu anataka simu zipigwe marufuku kwa wanafunzi wote, nyumbani na shuleni.

Tumeziweka barua hizi mbili pamoja kwa sababu zinazungumza jambo moja, na jambo lenyewe si dogo. Mwanafunzi wa leo ndiye mtu ambaye kesho tutamwamini atupimie mto, atuchoree karavati, atuhesabie nondo za ghorofa na dawa ya mgonjwa. Ni haki ya wananchi kujua kama alijifunza au alinakili.

Tuanze na swali la kijana. Majibu yote matatu aliyoyapata yalikuwa ya kweli, kila moja kwa wakati wake. Daraja la New River Gorge, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, lilifunguliwa mwaka 1977. Tao lake la chuma lina mita 518, na hapakuwa na jingine la kulishinda duniani mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Lupu mjini Shanghai, China, lenye tao la mita 550. Mwaka 2009 daraja la Chaotianmen mjini Chongqing likalipita hilo kwa mita mbili tu. Mwaka 2020 likafunguliwa daraja la Pingnan katika jimbo la Guangxi, nalo lina mita 575. Na mwaka 2024, katika jimbo hilo hilo la Guangxi, likafunguliwa daraja la Tian'e Longtan. Tao lake la zege lina mita 600, umbali ambao hakuna tao lililokuwa limeufikia kabla yake.

Basi intaneti haikumdanganya kijana wetu. Ilimpa habari za mwaka 1977, za mwaka 2009 na za mwaka 2020 zikiwa zimechanganyika, naye hakuuliza kila moja iliandikwa lini. Jibu lisilo na mwaka ni kama barua isiyo na tarehe: huwezi kujua kama anayesema yu hai au amekwisha kufa. Kama angetulia akaziweka namba hizo tatu katika mstari na kutafuta mwaka wa kila moja, angeona mwenyewe kwamba hazigombani. Angegundua pia jambo ambalo hata mwalimu wake labda angefurahi kulisikia, kwamba tangu mwaka 2003 rekodi hiyo imekuwa mikononi mwa Wachina. Hayo yote yalikuwamo katika simu ya kaka yake. Kilichokosekana ni nusu saa ya kufikiri.

Lakini urefu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi ile. Swali la pili la mwalimu, ambalo kijana anasema hana haja nalo, ndilo lenye elimu: kwa nini mjenzi achague tao? Hili hatutamjibia kwa maneno ya kunakili. Tutampa njia ya kulijua, na njia yenyewe haihitaji fedha wala bando.

Wanafunzi wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja arudi nyuma kidogo, kisha wainamiane mpaka viganja vyao vikutane na kusukumana. Hilo ni tao. Mwanafunzi wa tatu akiegemeza uzito kidogo juu ya mikono yao, wataona kwamba mikono haichaniki wala haivutiki, inabanwa. Uzito unashuka kupitia mikononi, mabegani na miguuni mpaka ardhini. Wataona na jambo la pili: miguu yao inataka kuteleza kwenda nje. Wakikaa wenzao wengine nyuma ya visigino na kuizuia, tao linasimama. Wakirudi nyuma zaidi ili tao liwe bapa, wenzao wale watalemewa.

Hapo wamekwisha kujifunza nusu ya ujenzi wa matao. Katika tao kila kipande kinakibana kipande cha jirani. Jiwe na zege huvumilia sana kubanwa, lakini hukatika upesi vikivutwa. Ndiyo maana watu wa kale waliweza kuvuka mito kwa mawe matupu, na ndiyo maana wajenzi wa pwani yetu waliezeka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa matao na makuba ya mawe na chokaa ambayo mabaki yake yanaonekana hadi leo. Nusu ya pili ni msukumo wa pembeni. Lazima pawe na kitu imara cha kuuzuia, mwamba au egemeo kubwa. Ardhi ikiwa laini, tao si rafiki.

Hata hesabu yake haitishi. Kwa tao lililopindwa kulingana na mzigo wake, chukua uzito wa kila mita, zidisha kwa umbali wa tao, zidisha tena kwa umbali huo huo, kisha gawanya kwa kimo cha tao kilichozidishwa mara nane. Tao la mita 100 lenye kimo cha mita 25, likibeba tani 10 kwa kila mita, linasukuma ukingo kwa pembeni kwa nguvu ya tani 500. Punguza kimo hadi mita 12.5, na msukumo unakuwa tani 1,000. Anayenakili ataandika 500 na kupata vema. Anayeelewa ataona kwamba ukishusha tao kwa nusu umeuongezea ukingo wa mto kazi maradufu, na ataenda kuutazama ukingo huo kabla ya kuchora.

Sasa tuje kwenye neno tulilolikusudia. Mafundi wanajua kwamba tao la mawe haliwezi kusimama likiwa nusu. Mpaka jiwe la mwisho la kileleni litiwe mahali pake, mawe mengine yote hushikiliwa na kiunzi cha mbao, kama ile mirunda inayosimamishwa chini ya zege la ghorofa bichi. Tao likikamilika, kiunzi huondolewa, na hapo ndipo fundi hujua kama amejenga. Kama kiunzi hakithubutu kuondolewa, basi hapo hapana tao. Pana mawe yaliyolazwa juu ya mbao, na mafuriko ya kwanza yatachukua vyote viwili.

Katika madaraja makubwa ambako kiunzi cha mbao hakiwezi kusimama, wajenzi hutumia kamba za chuma. Daraja la Maporomoko ya Victoria, lililofunguliwa mwaka 1905 juu ya mto Zambezi, mahali ambapo leo ni mpaka wa Zambia na Zimbabwe, lina tao la kiasi cha mita 156. Genge lile lina kina cha zaidi ya mita 100. Tao lilijengwa kutoka pande mbili za mwamba, kila nusu ikishikiliwa nyuma kwa kamba, mpaka nusu hizo zikakutana katikati. Daraja la bandari ya Sydney nchini Australia, lenye tao la mita 503, lilijengwa vivyo hivyo. Kila nusu ilifungwa kwa kamba 128 za chuma zilizopitishwa chini kwa chini katika mwamba. Nusu hizo zilikutana Agosti 1930, kamba zikaondolewa, na mapema mwaka 1932 daraja likajaribiwa kwa kupangiwa juu yake vichwa vya treni hadi 96. Halikufunguliwa mpaka lilipojulikana kwamba linasimama lenyewe.

Msaada wa masomo yafaa uwe hivyo hivyo. Uwe kiunzi: umshike mwanafunzi pale ambapo bado hawezi, kisha uondoke. Iwe msaada unatoka kwa mwalimu, kwa kaka, kwa intaneti au kwa akili mnemba, kipimo ni kimoja tu. Je, ukiondolewa, mtoto anasimama?

Wapo watakaosoma maneno haya wakadhani tunawakataza wanafunzi kuuliza. La hasha. Wazee wamesema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tumtazame Mmarekani James Eads. Aliacha shule akiwa na miaka 13 kwa sababu ya shida za nyumbani, akafanya kazi dukani mjini St. Louis, na mwenye duka akamruhusu kusoma vitabu vyake baada ya kazi. Ndiye aliyekuja kujenga daraja la matao matatu juu ya mto Mississippi mjini humo, lililofunguliwa mwaka 1874. Tao la katikati lina mita 158, na lilijengwa kwa chuma cha pua wakati ambapo wengi hawakuamini chuma hicho kwa kazi kubwa namna ile. Eads hakuwa amejenga daraja lolote kabla ya hilo. Basi aliomba msaada? Aliomba, tena kwa bwana mkubwa wa hesabu, William Chauvenet, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Lakini hakwenda na karatasi tupu. Yeye na wahandisi wake walikwisha kuzifanya hesabu, na Chauvenet aliombwa azipitie aone kama zina kosa. Daraja hilo linatumika hadi leo, magari yanapita na treni zinapita.

Hiyo ndiyo tofauti tunayoitaka vijana waishike. Anayesema, "Nimefanya hivi, nimefika hapa, nimekwama, nioneshe nilipokosea," huyo anajenga. Anayesema, "Nipe jibu, kesho linatakiwa," huyo anaazima nguo, na nguo ya kuazima haisitiri.

Tena kiunzi chenyewe lazima kikaguliwe. Mwezi Agosti 1939 huko Sandö, nchini Sweden, wajenzi walikuwa wakimwaga zege la tao kubwa juu ya kiunzi cha mbao. Kiunzi kikaanguka, watu 18 wakafa. Daraja lilijengwa upya likamalizika mwaka 1943, na tao lake la mita 264 lilikuwa kubwa kuliko matao yote ya zege duniani kwa miaka ipatayo ishirini. Funzo ni kwamba anayekushikilia naye aweza kukosea. Akili mnemba hujibu kwa sauti ya uhakika hata inapokosea, na mtu wa mbali usiyemjua aweza kuwa mjinga kuliko wewe. Jibu lisilopimwa halina thamani, hata kama limeandikwa kwa lugha tamu.

Na yupo atakayeuliza, kuna hasara gani kijana akinakili hesabu moja ya shule? Tumjibu kwa habari ya Quebec, nchini Kanada. Daraja lililokuwa likijengwa huko halikuwa la tao, lakini hasara yake inawahusu wajenzi wote. Wahandisi waliamua kulirefusha, kutoka umbali wa futi 1,600 hadi futi 1,800. Uzito wa daraja lenyewe, uliokuwa umekadiriwa zamani, haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Namba ya jana iliachwa itumike kwa kazi ya leo. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lilianguka mtoni kabla halijamalizika, na wafanyakazi 75 wakapoteza maisha. Hawa hawakuwa wanafunzi wavivu; walikuwa wataalamu wenye sifa. Ikiwa namba isiyopimwa iliweza kuwaangusha wao, itamfanya nini yule aliyezoea tangu kidato cha kwanza kutopima namba yoyote?

Kwa mzazi aliyetuandikia tunasema hivi. Uchungu wako ni wa haki, lakini marufuku peke yake haitatibu. Mtoto anayetaka kunakili alinakili kwa rafiki yake kabla ya simu, na atanakili baada ya simu. Tena kuna shule nyingi ambazo vitabu havitoshi, na katika simu hiyo hiyo mwenye nia anaweza kuliona daraja la Zambezi ambalo hatalifikia kwa miguu. Tusikivunje chombo kwa sababu ya mkono ulioshika vibaya. Bali keti na mtoto dakika kumi usiku. Huna haja ya kujua hesabu. Mwambie afunge simu, afunge daftari, akueleze kwa Kiswahili cha kawaida alichojifunza leo. Akishindwa kukueleza wewe, hajajifunza, hata kama daftari limejaa alama za vema.

Kwa walimu, ambao tunajua mzigo wao na wingi wa wanafunzi wao, tunatoa ombi. Swali linalojibika kwa namba moja litanakiliwa daima. Badala ya kuuliza daraja gani ni refu, waambieni wanafunzi wakapime karavati au daraja lililo karibu na shule, wachore jinsi uzito unavyoshuka, waseme kama wangejenga hivyo hivyo na kwa nini. Hakuna akili mnemba iliyokwisha kulipima karavati la kijijini kwenu. Kisha mwiteni mmoja au wawili ubaoni, wabadilishieni namba, muone.

Kwa wale wasomi wetu, wa hapa na wa ng'ambo, ambao vijana huwaandikia kuomba msaada, tunawashukuru kwa moyo wao. Lakini jibu kamili lililotolewa kwa huruma laweza kuwa dhuluma. Mwulizeni kijana kwanza yeye amefikiri nini. Mpeni hatua moja, mngojeni apige ya pili.

Na tusiwasahau wale wasio na simu wala kaka mwenye simu. Kazi ya nyumbani ikigeuka kuwa mashindano ya bando, mtoto wa maskini anayehangaika na hesabu yake kwa taa ataonekana mjinga mbele ya yule aliyenakili, na kumbe yeye ndiye pekee darasani aliyefanya kazi. Haki inadai alama zitolewe kwa kazi iliyofikiriwa. Wenye dhamana nao waendelee kujaza maktaba za shule, maana kitabu kimoja chaweza kusomwa na watoto mia bila bando.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule impe kijana akili ya kudadisi, imwezeshe kujifunza kwa yale yanayofanywa na wengine, ayakatae au ayarekebishe kulingana na mahitaji yake mwenyewe. Wakati ule hapakuwa na intaneti, lakini neno lile linaihusu leo kuliko jana. Majibu ya dunia nzima yamo mkononi mwa kijana. Kujitegemea sasa ni kuyapima.

Kwa hiyo ukurasa huu hautachapisha majibu ya kazi za nyumbani. Utachapisha maelezo, na utafurahi kumsaidia kila mwanafunzi atakayetuonesha alipofika na alipokwama. Kijana wetu wa kidato cha nne tumekwisha kumpa miaka na mita, kwa kuwa alihangaika kuzitafuta. Maswali manne yaliyobaki tunamrudishia. Awachukue wenzake wawili uwanjani, waegemeane viganja kwa viganja, wahisi miguu inavyoteleza, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe kwa nini Zambezi ilivukwa kwa tao na kwa nini mto wa kwao, wenye kingo za tope, huenda usifae. Akikosea, mwalimu wake yupo. Akituandikia tena kutuambia alichokiona, barua yake tutaichapa.